Mshipi Mwekundu kwenye Mlango wa Bandari

Kazi yangu ya kwanza kwenye bandari ile ya Buffalo ilikuwa kusafisha vyoo. Nilifika saa moja asubuhi, nikafungua mabafu, nikafagia mchanga, nikapiga deki, nikatoa mifuko ya taka. Kufika saa tatu nilikuwa nimemaliza sehemu kubwa, na hapo nilikaa kidogo kwenye benchi mbele ya ofisi nikitazama watu wakigombana.

Haikuwa bandari ya meli. Ilikuwa kipande cha maji kilichozungushiwa kuta mbili za mawe, pale Ziwa Erie linapoanza kubanwa na kugeuka mto. Kuta hizo zilikaribiana upande wa magharibi zikaacha mlango mmoja tu, mwembamba kiasi kwamba boti mbili zikikutana, moja ilibidi ingoje. Ndani mlikuwa na boti za matanga, boti za injini, boti mbili zilizopeleka wageni kuvua ziwani, na mashua ndefu nyembamba za chama cha kupiga makasia. Juu ya kuta, tangu theluji ilipoyeyuka mpaka iliporudi, walikaa wavuvi wa ndoana. Wengi wao walikuwa watu wetu, Wakongomani na Warundi, pamoja na Waburma wachache waliokaa kimya na kupata samaki wengi kuliko wote.

Mimi na mume wangu na watoto watatu tulikuwa tumetoka kambini Tanzania tukashukia Louisville, Marekani. Kule nilifanya kazi kwenye bohari karibu na uwanja wa ndege, nikipanga vifurushi kwenye mkanda unaotembea. Baada ya mwaka mmoja binamu ya mume wangu alituita Columbus. Tukapanga apatimenti Reynoldsburg, mume wangu akaingia kiwandani, mimi nikasafisha duka la nguo. Columbus ilitutendea vizuri na sina la kulalamika juu yake. Tungebaki huko, ila dada yangu mkubwa, aliyekuwa amepelekwa Buffalo, aliugua figo na hakuwa na mtu wa kumpeleka kwenye mashine ya kusafisha damu mara tatu kwa wiki. Nikapanda basi kwenda kumsaidia kwa mwezi mmoja. Mwezi ukawa miwili, kisha mume wangu akafunga mizigo na watoto wakanifuata. Kazi ya bandarini niliipata kwa mama mmoja wa kanisani aliyekuwa anaiacha.

Nimezaliwa Uvira, kwenye ufuo wa Ziwa Tanganyika. Mama yangu alikausha ndagala, dagaa wa ziwa letu. Ufuo wetu ulikuwa na zamu zake: alfajiri ulikuwa wa mitumbwi inayorudi na mavuno, jua likipanda ulikuwa wa wanawake wanaoanika, alasiri ulikuwa wa kufua na wa watoto kuoga. Kulikuwa na kamati ya ufuo, wazee wanne na mama mmoja, na kazi yao kubwa ilikuwa kusikiliza makelele. Kwa hiyo, ingawa Kiingereza changu kilikuwa kidogo, sikuhitaji kutafsiriwa ugomvi wa Buffalo. Mwenye boti aliponyoosha mkono kuelekea ukutani na mvuvi akainua mabega, nilijua kila mmoja amesema nini.

Aliyeitunza bandari alikuwa mzee mfupi aliyepita miaka sabini. Tulimwita msimamizi. Alizaliwa Skotilandi, katika kijiji cha wavuvi upande wa mashariki, na Kiingereza chake kilikuwa kigumu hata kwa Wamarekani. Walimwomba arudie maneno kama walivyoniomba mimi, na hilo lilinifariji. Alinieleza kwamba bandari ya kwao ilikuwa ndogo kuliko hii, na mara mbili kwa siku bahari ilijiondoa kabisa, boti zikabaki zimeketi kwenye tope. Maji yakirudi, kila mtu alitaka kutoka kwa wakati mmoja: wavuvi wa kaa, wenye boti za starehe, watu waliokuja kuogelea. Baba yake alikuwa mjumbe wa kamati iliyopanga nani atangulie na nani afunge kamba wapi. Alirudi kutoka kila mkutano amekasirika, na mwezi uliofuata akaenda tena.

"Miaka mingapi?" nilimwuliza.

"Mpaka alipokufa," alisema.

Asubuhi moja, mwezi wa sita, alitoka ofisini akaja kwenye benchi langu. Mkononi alikuwa na boya dogo lenye ndoana tatu zilizojikita kwenye kamba yake.

"Wale watu wa ukutani wanaongea lugha gani?"

"Kiswahili. Wengine Kirundi, lakini Kiswahili wanasikia."

"Na wewe?"

"Mimi Kiswahili."

"Twende," alisema.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa mdomo wake. Hakuna aliyenipa cheo. Nilisafisha vyoo, kisha nikazunguka naye bandari yote, yeye mbele akigusa kila kamba kwa ncha ya kiatu, mimi nyuma. Tulipofika kwa wavuvi alisema neno na mimi nikalisema tena. Neno lenyewe lilikuwa moja kila siku: boti ikiingia au ikitoka, vuta mshipi wako mpaka ipite. Wenye boti nao walikuwa na lao, kupiga honi mara moja kabla ya kufika mlangoni. Walipiga walipokumbuka.

Kati ya wavuvi kulikuwa na mzee mmoja niliyemfahamu kutoka kanisani. Alikuwa mtu wa milimani, juu kabisa ya Uvira, kule kwenye baridi na majani. Maisha yake yote alichunga ng'ombe. Hakuwahi kushika ndoana mpaka alipofika Buffalo. Jirani yake Mburma alimfundisha, bila lugha hata moja kati yao, kwa kumshika mkono na kuusogeza. Macho yake yalikuwa yameanza kufifia, kwa hiyo alinunua mshipi mwekundu apate kuuona juu ya maji. Wengine wakaona unapendeza, wakanunua kama wake. Kufika mwezi wa saba nusu ya watu wa ukutani walikuwa na mshipi mwekundu.

Mara ya kwanza nilipomwambia avute mshipi, alinitazama kwa upole.

"Bon, mama," alisema kwa Kiswahili chetu cha Kongo, chenye Kifaransa ndani yake. "Samaki iko naanza kuuma, na wewe unaniambia nitoe. Ile boti haiwezi kupita kule pembeni?"

"Papa mzee, hapana kupita pembeni. Mlango ni huu mmoja."

"Njo hivyo?"

"Njo hivyo."

Alivuta. Alikuwa mtu wa heshima na sikuwahi kumwambia mara mbili kwa siku moja. Kanisani aliomba maombi marefu, watoto wakalala kwenye viti. Dada yangu alipozidiwa majira ya kuchipua, yeye ndiye aliyepanda mabasi mawili kuja kukaa karibu na kitanda chake, akaomba, akala wali wetu, akarudi kwake.

Tukio lilitokea Jumamosi moja ya mwezi wa nane, karibu na saa sita mchana. Upepo ulikuwa unatoka ziwani na maji ya mlangoni yalikuwa yanarukaruka. Nilikuwa kwenye ukuta wa kusini nikibadilisha mfuko wa pipa la taka. Boti nyeupe ya matanga ilikuwa inaingia kwa injini, matanga yameshushwa. Mwenyewe alikuwa mama mmoja wa Kimarekani, mwalimu wa hesabu aliyestaafu, aliyeendesha boti yake peke yake na hakupenda kusaidiwa. Hakupiga honi. Nilingoja niisikie, ndiyo maana nakumbuka.

Yule mzee wa milimani alikuwa ameegemeza fimbo yake ya kuvulia kati ya mawe. Alikuwa amegeuka kuongea na mwenzake. Niliuona mshipi wake mwekundu umekatiza mlangoni, umenyooka kabisa, na niliiona boti ikija. Nilifungua mdomo, lakini nilichelewa. Fimbo iliruka, ikadondoka katikati ya mawe, na mshipi ukaanza kukimbia kwa sauti nyembamba kama ya mbu. Mzee alipiga magoti, akatoa kisu mfukoni, akaukata. Alipoinua kichwa tulitazamana.

Injini ilikohoa ikazima. Boti ikageuka ubavu, upepo ukaichukua ukaipeleka taratibu kwenye mawe. Ilipogonga, ilitoa sauti kama ya mlango mkubwa unaofungwa. Vijana wawili wa Kirundi waliruka chini wakaizuia kwa miguu yao isiendelee kujipigiza. Mojawapo ya boti za wageni ikaja ikaivuta mpaka gatini. Hakuna aliyeumia, ila usukani wa boti ulikuwa umepasuka. Yule mama alishuka, akakaa kwenye mbao za gati, mikono juu ya magoti.

Msimamizi aliingia majini mwenyewe na suruali yake, akachomoa mshipi kwenye propela. Ulikuwa fundo kubwa jekundu. Alikuja nalo ukutani. Wavuvi walikuwa wameshakusanya vitu vyao. Mzee alikuwa ameondoka na ndoo yake.

"Wewe ulikuwa hapa," msimamizi aliniambia. "Uliona ni wa nani?"

"Sikuona," nilisema.

Nimefikiri mara nyingi kwa nini nilijibu hivyo, na jibu si la kupendeza wala si la ajabu. Mzee alikuwa ameomba kando ya kitanda cha dada yangu. Tena alikuwa ameomba uraia na alikuwa anangoja barua ya kuitwa kwenye mtihani. Sisi sote tulikuwa na faili mahali fulani, na hatukujua kitu gani kinaweza kuingia ndani yake. Jina likiandikwa kwenye karatasi ya ajali, nani ajuaye karatasi hiyo itaenda wapi? Hayo niliyawaza baadaye. Wakati ule neno lilitoka tu.

Jumatatu yake msimamizi aliandika tangazo: hakuna kuvua kwenye ukuta wowote mpaka kamati ya bandari ikutane. Aliniomba niliandike kwa Kiswahili chini ya Kiingereza. Nikaandika kwa kalamu nene nyeusi, tukalipigilia misumari kwenye nguzo mbili. Kama ningesema jina moja, angefukuzwa mtu mmoja. Kwa kuwa sikusema, wakafukuzwa wote.

Ukuta ulikaa mtupu wiki mbili. Nilikuwa sijawahi kuuona hivyo wakati wa kiangazi. Wenye boti walipita mlangoni bila wasiwasi, na mmoja aliniambia kwamba sasa ndiyo inaonekana bandari. Waburma walikuja siku ya kwanza, wakasoma, wakaondoka, hawakurudi. Kanisani mama mmoja wa kwaya alinisimamisha mlangoni.

"Mama, ile karatasi, ni wewe uliandika?"

"Ni mwandiko wangu."

"Donc wewe njo unafukuza watu sasa."

Nilimwambia ni msimamizi aliyefukuza, mimi nilitafsiri. Alisema, "Sawa mama," kwa namna ile ya kusema sawa wakati si sawa. Mume wangu aliniambia nisijali, mpaka alipoulizwa na yeye kazini kwake, akaacha kuniambia hivyo. Yeye sikuwa nimemweleza nilichokiona.

Katika wiki ya pili mzee alikuja nyumbani kwetu alasiri. Binti yangu ndiye aliyemfungulia. Mzee alimsalimia kwa Kiswahili, akaulizia shule, akaulizia afya, na binti yangu akajibu yote kwa Kiingereza, kwa adabu, kisha akaniita. Nilimpa chai. Alizungumza juu ya goti lake, juu ya daktari aliyemwambia apunguze chumvi, juu ya mjukuu wake aliyezaliwa Louisville ambaye hajamwona. Nilimsikiliza, nikamwongezea chai. Nilingoja aseme, na nadhani yeye alingoja niseme. Alimaliza kikombe cha pili, akaomba maombi mafupi, akaaga. Dirishani nilimwona akisimama kituoni, kofia mkononi, ingawa jua lilikuwa kali.

Mkutano wa kamati ulifanyika Jumamosi asubuhi kwenye ukumbi wa chama cha makasia. Walikuwepo wenye boti saba au wanane, manahodha wawili wa boti za wageni, mwalimu wa makasia, na mtu mmoja kutoka ofisi ya mji. Wavuvi wa ukutani hawakuwa na kiti kwenye kamati ile. Hakuna aliyewahi kufikiri wanahitaji kiti. Lakini msimamizi alikuwa ameshikilia kwamba huwezi kupanga ukuta bila watu wa ukutani, na waliruhusiwa kuleta wawili. Walimleta Mrundi mmoja mtu mzima. Wa pili alikuwa mzee. Alivaa suti yake ya kanisani, ya rangi ya udongo, na tai.

Yule mama wa boti nyeupe alianza. Hakupandisha sauti. Alisema amekuwa akiweka boti yake pale miaka mingi, kwamba hana chuki na mtu, kwamba angeweza kuumia vibaya, na kwamba ukuta wa kusini na mlango si mahali pa kuvulia. Alitaka marufuku ibaki. Nilitafsiri. Mrundi alijibu kwamba wale watu wanafanya kazi wiki nzima kwenye mabohari na viwanda, wanakuja kukaa mahali penye hewa, na samaki wanaowapata wanawala. Ukuta ukifungwa hawana gari la kuwapeleka mbali. Nilitafsiri. Nahodha mmoja alisema wavuvi hawamsumbui, wanaomsumbua ni wapiga makasia. Mwalimu wa makasia alikasirika. Walizungumza juu ya makasia kwa muda.

Kisha mzee akasimama. Hakuomba ruhusa, alisimama tu, na ukumbi ukanyamaza kwa sababu ya suti ile na mvi zake.

"Ile mshipi ilikuwa yangu," alisema. "Niliacha fimbo kwenye mawe, nikaanza kuongea na mwenzangu. Nilikosa. Na huyu mama anajua, aliniona."

Alinionyesha kwa kidevu. Hakukuwa na ubaya wowote usoni mwake. Alikuwa anataja shahidi, kama mtu anavyotaja shahidi mbele ya wazee.

Niligeuka kwa kamati. "Anasema mshipi ulikuwa wake," nilisema kwa Kiingereza. "Aliacha fimbo kwenye mawe. Anasema amekosa."

Nikaishia hapo. Msimamizi alikuwa amekaa upande wa dirisha, na alikuwa ananitazama mimi, si mzee.

"Alisema na kitu kingine," alisema.

Ningeweza kukataa. Mrundi alikuwa anaelewa Kiingereza, lakini sidhani kama angefungua mdomo. Nilitazama meza.

"Amesema kwamba mimi nilimwona."

Mtu wa ofisi ya mji aliandika kitu. Mzee alinitazama akaona kwamba uso wangu umebadilika, akauliza kwa sauti ya chini, "Mama, nimekuletea shida?" Nikamwambia hapana, aendelee.

Yule mama wa boti nyeupe ndiye aliyeuliza swali. Alitaka kujua kwa nini mzee amekuja kusema, maana hakuna aliyekuwa anajua kwamba mshipi ni wake.

Mzee aliposikia swali alionekana kushangaa. "Kwetu kule milimani," alisema, "ng'ombe yako ikiingia shamba ya mutu, wewe mwenye ng'ombe njo unaenda kwake wa kwanza. Haungoje aje. Mimi nimengoja wiki mbili. Niliogopa. Watu wamefungiwa ukuta sababu yangu, na mimi nakunywa chai. Ile inanipa haya kuliko hata boti." Akaongeza kwamba hajui kutengeneza boti, lakini ana mikono, na kama kuna kazi ya kukwangua au kupaka rangi atakuja siku yoyote isipokuwa Jumapili.

Nilitafsiri yote, neno kwa neno, pamoja na chai.

Nahodha mmoja alikohoa, akamgeukia yule mama. "Na honi ulipiga?"

Shingo ya mama yule iligeuka nyekundu. "Hapana," alisema. "Upepo ulikuwa mkali, nilikuwa na mambo mengi ya kushika. Sikupiga." Kisha akanigeukia akasema, "Mwambie."

Nikamwambia mzee. Aliitikia kwa kichwa, akakaa.

Baada ya hapo kazi ilienda haraka kwa namna ya kuchosha, kama kazi za kamati zinavyoenda. Ukuta wa kusini na mawe ya mlangoni vilifungwa kwa uvuvi. Ukuta wa kaskazini, ulio mrefu zaidi na usiopitiwa na boti, ukawa wa wavuvi siku nzima. Wapiga makasia wawe wametoka kabla ya saa mbili asubuhi. Honi mara moja, kwa wote, bila kisingizio. Na wavuvi wa ukutani wapewe kiti kimoja kwenye kamati. Wote walinyoosha mkono isipokuwa yule mama, ambaye hakukubali wala hakukataa. Mzee aliniambia niwaambie kwamba yeye hatavua tena mpaka msimu uishe. Hakuna aliyemdai hivyo, na hakuna aliyembembeleza.

Watu walipotoka nilibaki nikipanga viti. Msimamizi alipanga upande wa pili. Tulikutana katikati.

"Ungeniambia," alisema.

"Ndiyo."

"Ningefunga ukuta hata hivyo. Siku mbili, tatu. Si wiki mbili."

"Najua."

Alibeba viti vyake akaviweka stoo. Sikufukuzwa. Lakini kwa siku nyingi alizunguka bandari peke yake, na mimi nilimaliza vyoo nikarudi nyumbani. Kulipokuwa na jambo la wavuvi alimwita Mrundi. Nilielewa. Majani yalikuwa yameanza kugeuka rangi aliposimama mbele yangu asubuhi moja, akangoja mpaka nikaweka ufagio chini, tukaenda pamoja. Ukuta wa kaskazini ulikuwa na watu.

Kiti cha kamati wavuvi walinipa mimi. Nilikataa, nikawaambia mimi hata ndoana sijui kufunga. Mrundi alisema ndiyo sababu, sitakuwa na ndoana yangu ya kuitetea. Kwa hiyo mwaka uliofuata, ule wa uchaguzi, wakati kila uwanja wa nyumba ulikuwa na kibao cha mgombea, nilikaa kwenye ile meza mara moja kwa mwezi. Nilijifunza kwamba kukaa pale si kusema tu shida za watu wako. Mara mbili nilipeleka malalamiko ya wavuvi na yakapita. Mara nyingi zaidi nilirudi ukutani na jibu ambalo hawakulipenda. Nilimtoa kijana mmoja wa kanisani kwetu kwenye mawe ya mlangoni, na mama yake hakunisalimia mpaka Krismasi. Mama wa kwaya naye alikuja siku moja na mumewe na viti vya kukunja, wakakaa kaskazini, wakaniita nile nao mahindi.

Yule mama wa boti nyeupe hakuwa rafiki wa mtu. Kwenye mikutano alipinga karibu kila nilichokileta, kwa hoja nzuri. Lakini alipiga honi kila mara, ndefu kuliko ilivyotakiwa. Mwezi wa tano alikuwa amemkubalia mzee aje kukwangua sehemu ya chini ya boti ikiwa bado nchi kavu. Nilipita mara moja nikawakuta, yeye upande mmoja, mzee upande mwingine, kila mmoja na kikwangulio chake, bila kuongea. Mchana alimpa mkate wenye jibini na mzee akampa karanga.

Mzee alirudi kuvua kiangazi kile. Barua yake ya uraia ilikuja pia, akafaulu mtihani alipoufanya mara ya pili. Juu ya siku ile ya ukutani hatukuzungumza kamwe. Nilidhani atakuwa na neno nami, kwa kuwa nilinyamaza wakati yeye alihitaji mtu wa kumsukuma aseme. Au labda alinishukuru kwa kunyamaza. Sikumwuliza. Alinisalimia kama zamani na kuniulizia dada yangu, ambaye wakati huo alikuwa ameshapata nafuu.

Mwishoni mwa mwaka ule mume wangu alipata kazi ya kudumu kwenye bohari la Cheektowaga, nje kidogo ya Buffalo, tukahamia huko kwa gari la kukopa la shemeji, kwenye nyumba yenye uwanja. Mimi nikaanza kazi ya kuhudumia wazee kwenye nyumba ya kuwalelea, kazi ambayo haina majira ya baridi ya kupumzika. Bandari ilikuwa mbali kwa basi, na siku zangu za mapumziko hazikulingana na mikutano. Nilimpigia msimamizi simu nikamweleza. Alisema sawa, akauliza kama nyumba ina joto.

Kwa miezi kadhaa barua pepe za kamati ziliendelea kunifikia, maana hakuna aliyekumbuka kuliondoa jina langu. Nilizisoma wakati wa chakula cha mchana. Ya mwisho iliyokuja ilikuwa na ombi la watu wanaosimama juu ya ubao na kupiga kasia, wakitaka sehemu yao ya kushukia majini, na chini yake mwalimu wa makasia alikuwa ameandika aya tatu za kupinga. Niliisoma mpaka mwisho, nikaona kwamba kaskazini kuna kona isiyotumika karibu na ngazi, nikawaandikia hivyo. Kisha nikarudi kumgeuza mgonjwa wangu kitandani, maana saa yake ya kugeuzwa ilikuwa imefika.